Shea kwa ngozi ya Dodoma: kuichagua, kuichanganya na kuipaka

Mtu akihama Tanga au Dar es Salaam akaja Dodoma mwezi wa sita, losheni ileile aliyozoea kujipaka Pwani inaanza kumwangusha. Anapaka asubuhi, na kufika saa nne miguu imepauka, ukipitisha ukucha unabaki mstari mweupe. Anabadilisha kopo. Ananunua la bei kubwa zaidi, lile lenye picha ya mbegu za shea zilizopasuliwa, na mambo yanabaki yaleyale. Hapo wengi husema shea ni maneno tu ya wauzaji.

Shea si maneno. Ni mafuta mazuri kweli, yanayokamuliwa kwenye mbegu za mti, ila huku kwetu inadaiwa kazi isiyo yake, yaani kuleta maji kwenye ngozi. Shea haina maji hata tone. Inayazuia yale yaliyopo yasitoke, kama kifuniko cha sufuria, na ukifunika sufuria tupu hupiki kitu. Ukishalishika hilo, mambo mawili ndiyo yatakayoamua kama utafaidika: kwenye kopo mna shea kiasi gani, na unapaka wakati gani.

Dodoma ina sababu zake za kutuonea. Mji uko kwenye mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Ikikatika, ndiyo basi mpaka mwisho wa mwaka. Juni hadi Agosti unakuja ubaridi wa usiku, upepo na vumbi. Septemba hadi Novemba jua la kukausha kila kitu. Hewa kavu inanyonya maji kwenye ngozi mchana na usiku, wala hujioni ukitoka jasho, kwa hiyo hushtuki. Juu ya hapo Julai kila mtu anakimbilia maji ya moto ya kuogea, ambayo yanaondoka na mafuta ya asili ya ngozi, na mitaa mingi inatumia maji ya kisima yenye chumvichumvi ambayo sabuni haitoki vizuri. Wazee wa Kigogo waliokuwa wakijipaka samli hawakuwa washamba. Waliijua nchi yao.

Hatua ya kwanza: pindua kopo usome nyuma

Mbele ya kopo ni tangazo. Ukweli uko nyuma, kwa maandishi madogo, kwenye orodha ya viambato. Orodha hiyo ina kanuni: kilicho kingi kinatangulia, na vingine vinafuata kwa kupungua. Shea huandikwa Butyrospermum parkii. (Hilo la pili limetokana na Mungo Park, msafiri wa Kiskoti aliyeuona mti huu Afrika Magharibi mwishoni mwa karne ya 18. Akina mama wa huko walikuwa wakikamua mafuta yake karne nyingi kabla yake, lakini mambo ya majina ya kitaalamu ndivyo yalivyo.)

Karibu kila losheni inaanza na Aqua, yaani maji. Hiyo si hila. Losheni ni maji na mafuta yaliyofungamanishwa, na mara nyingi maji ni zaidi ya nusu. Baada yake utakuta Glycerin, ambayo inavuta na kushika maji kwenye ngozi, halafu pengine Paraffinum Liquidum, mafuta ya madini yanayoziba. Utaona pia Cetearyl Alcohol. Usiogope neno alcohol hapo, si pombe ya kukausha. Ni kitu cha jamii ya nta kinachofanya losheni iwe nzito na laini.

Sasa itafute shea iko wapi. Ikiwa kati ya majina matano au sita ya kwanza, kopo lina shea ya maana. Ikiwa imeandikwa mwishoni, tafuta neno Phenoxyethanol, dawa ya kuzuia losheni isioze. Ulaya sheria inataka dawa hiyo isizidi asilimia 1, na watengenezaji wengi duniani wanafuata kiwango hicho. Kwa hiyo shea ikiandikwa baada yake, nayo kwa kawaida haizidi asilimia 1. Kwenye kopo la gramu 400 hizo ni gramu 4, hata kijiko cha chai hakijai. Picha ya mbegu imechukua nusu ya kopo, na shea yenyewe haijazi kijiko.

Losheni hiyo si lazima iwe mbaya. Kama ina glisirini ya kutosha na mafuta ya kuziba, itakusaidia. Ila usilipie jina la shea.

Kuna makopo mengine ya kuyaacha dukani kabisa. Yakiandikwa shea huku yanaahidi kukung'arisha ndani ya wiki moja, jua kwamba kinachong'arisha si shea. Shea haibadilishi rangi ya mtu. Hapo angalia kama kuna hydroquinone, zebaki, au dawa za steroidi kama clobetasol na betamethasone. Vipodozi vya aina hiyo vimepigwa marufuku Tanzania, na bado vinapita, hasa kwenye mkorogo usio na lebo. Kopo lisiloandikwa viambato lirudishe kwenye shelfu, hata kama muuzaji ni shoga yako.

Hatua ya pili: kununua shea yenyewe

Kwa maoni yangu, anayeishi kanda ya kati ananufaika zaidi kuwa na vitu viwili nyumbani: losheni ya kawaida ya majimaji, na mafuta mazito ya shea ya kufunika juu yake. Hayo ya pili ndiyo yanayofaa kutengenezwa kwa mkono, kwa hiyo lazima uijue shea ghafi.

Mti wake haumei kwetu. Unaota kwenye ukanda unaoanzia Senegali, unapita Mali, Burkina Faso, Ghana na Nigeria, unakwenda hadi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Kwa hiyo shea unayokutana nayo sokoni huwa ni ya moja ya pande mbili. Ya Afrika Magharibi ni ngumu zaidi, unaikwangua. Ya Uganda ni laini, maana ina asidi ya oleiki nyingi na asidi ya steariki kidogo, na mchana wa Oktoba hapa Dodoma inaweza kuwa nusu majimaji ndani ya kopo. Ukiiona hivyo usidhani imeharibika au imechakachuliwa. Ndivyo ilivyo.

Halafu kuna ghafi na iliyosafishwa. Ghafi ina rangi ya maziwa mazito au njano iliyofifia, na harufu ya moshi na karanga, kwa sababu mbegu huchemshwa, hukaushwa, hukaangwa na kusagwa kabla ya kukandwa kwa maji mpaka mafuta yapande juu. Iliyosafishwa ni nyeupe na haina harufu. Mimi napendelea ghafi kwa mwili. Mafuta mengi ya kupikia yana sehemu ndogo sana, chini ya asilimia 2, isiyogeuka sabuni yakichanganywa na magadi. Kwenye shea sehemu hiyo huweza kufika asilimia 5 hadi 10, na humo ndimo mna vitamini E na vile vitu vinavyotuliza mwasho. Kusafisha kunapunguza baadhi yake. Lakini kama harufu ya moshi inakukera, au bosi wako ofisini ana pua kali, chukua iliyosafishwa bila majuto; kazi kubwa ya kulainisha na kuzuia maji bado inaifanya.

Rangi ya njano iliyokoza si dalili ya ubora. Huko inakotoka, kuna shea inayotiwa rangi kwa mzizi wa mti au kwa mawese. Kipimo kizuri ni mkono. Omba kipande kidogo, kiweke nyuma ya kiganja na usugue: shea halisi inalegea na kuyeyuka kwa joto la mwili, halafu inaingia taratibu na kuacha ulaini. Ikibaki inateleza tu juu ya ngozi muda mrefu, huenda imechanganywa na mafuta ya mgando. Inuse pia. Harufu ya karanga iliyokaa vibaya, ile inayokwaruza koo, maana yake mafuta yamechacha, na hakuna manukato yatakayoyarudisha. Chembechembe za kama mchanga ndani yake hazina ubaya wowote. Ni mafuta yaliyoganda polepole.

Hatua ya tatu: usiimimine kwenye losheni ya dukani

Wapo wanaoyeyusha shea na kuimimina kwenye chupa ya losheni ili kuiongezea nguvu. Losheni ile imepimwa: maji, mafuta, kifungamanishi na dawa ya kuzuia kuoza, kila kimoja kwa kiasi chake. Ukiongeza mafuta, mchanganyiko unaweza kuachana, na dawa iliyowekwa isitoshe tena. Ukitaka vyote viwili, vikutane kwenye kiganja wakati wa kupaka.

Kwa sababu hiyohiyo, usitengeneze nyumbani losheni yenye maji. Maji yakiingia kwenye mafuta bila dawa ya kuzuia vijidudu, bakteria na ukungu vinaota, na huvioni mpaka vimekuwa vingi. Vitamini E haizuii hilo, ingawa watu wanaambizana kuwa inazuia. Inachelewesha mafuta kuchacha tu. Mapishi ya hapa chini hayana maji kabisa.

Hatua ya nne: kuchanganya

Faida ya kukaa kanda ya kati ni kwamba nusu ya vinavyohitajika iko mlangoni. Singida na Dodoma ndiko kwenye alizeti. Nta ya nyuki inapatikana kwa wafugaji wa Manyoni, Itigi na Kondoa. Mibuyu ipo kila upande, na mafuta ya mbegu za ubuyu yanauzwa, ingawa bei yake si ya kujipaka miguu mizima. Kinachotoka mbali ni shea peke yake.

Alizeti ninaichagua makusudi. Ina asidi ya linoleiki nyingi, ambayo ngozi inaihitaji kujenga ule ukuta wake wa juu wa kuzuia maji, na shea haina nyingi. Vikikutana vinasaidiana. Tafuta iliyokamuliwa bila kusafishwa, iache itulie mpaka machicha yazame, kisha ichuje kwa kitambaa safi. Kuwa macho na yanayouzwa kwa jina la alizeti huku yamechanganywa na mawese. Weka kidogo kwenye kichupa ndani ya friji usiku mmoja: alizeti inaweza kuingia ukungu mwepesi kwa sababu ya nta yake, lakini inabaki majimaji, yenye mawese mengi inaganda nyeupe.

Kwa kopo la gramu 200 la kipupwe, pima gramu 120 za shea, gramu 70 za alizeti na gramu 10 za nta. Ikifika Septemba, joto likianza, punguza alizeti iwe 60 na uongeze nta iwe 20, la sivyo utakuwa unamimina badala ya kuchota. Shea yako ikiwa ni ile laini ya Uganda, shusha alizeti kidogo zaidi na hicho ulichokipunguza uweke shea. Mizani ndogo ya jikoni ni muhimu hapa kuliko kifaa kingine chochote. Vijiko vinadanganya, hasa kwa nta iliyokwanguliwa ambayo nusu yake ni hewa.

Nta ya mfugaji huwa na vipande vya masega na hata miguu ya nyuki. Iyeyushe kwenye maji, ichuje kwa kitambaa, iache igande juu, itoe na uikaushe kabisa kabla ya kuitumia.

Osha makopo, bakuli na mwiko kwa sabuni na maji ya moto, na uvianike mpaka vikauke. Vikauke kweli. Matone mawili ya maji yaliyobaki kwenye kona ya kopo yanatosha kuanzisha ukungu.

Weka maji ya urefu wa vidole viwili kwenye sufuria pana, moto mdogo, na juu yake bakuli la chuma. Usiweke shea moja kwa moja juu ya moto. Itaungua chini kabla ya juu kuyeyuka, na harufu haitatoka. Anza na nta pamoja na alizeti, maana nta haiyeyuki mpaka ipate joto la nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Ikishakuwa majimaji yote, tia shea vipande vipande. Itayeyuka upesi, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Iache kwenye mvuke dakika kumi na tano hadi ishirini hata kama inaonekana imeshakuwa maji. Ndani ya shea kuna mafuta ya aina kadhaa yanayoganda kwa joto tofauti, na yale magumu yasipoyeyuka yote, yatajikusanya baadaye na kukupa chembechembe.

Kupoza ndiko kunakoamua ulaini. Ukiacha bakuli mezani lipoe lenyewe usiku kucha, chembe zitakuja. Liondoe kwenye moto, lifute chini ili maji yasidondokee ndani, liweke kwenye beseni la maji baridi na ukoroge bila kuacha. Maji ya bomba ya Julai jioni yanatosha. Novemba weka barafu. Koroga pembeni na chini kwenye ubaridi mpaka mafuta yabadilike rangi, yawe mazito, na mwiko uache alama. Hapo mimina kwenye makopo haraka, na kama kuna friji yaingize saa moja. Chembe zikitokea pamoja na hayo, yeyusha upya upoze kwa kasi zaidi. Hakuna kilichopotea.

Kuna mtindo wa kuyapiga kwa mashine ya keki mpaka yafure na kujaza kopo mara mbili. Yanapendeza kwenye picha. Kwa Dodoma siyapendekezi, maana ikifika Oktoba hewa yote inatoka na mteja anaona nusu kopo.

Manukato si lazima. Ukiyataka, tia mafuta ya lavenda au mengine ya upole wakati mchanganyiko umeanza kupoa, yasizidi gramu 2 kwa gramu 200, na ya watoto yasiwekwe kabisa. Yaache mafuta ya maganda ya limau na ndimu yaliyokamuliwa baridi. Ngozi iliyopakwa hayo ikipigwa na jua inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi, na jua hapa halina mchezo. Juisi ya limau kwenye glisirini, ile tuliyofundishwa na dada zetu, iingie kwenye kundi hilohilo.

Bandika karatasi yenye tarehe. Mafuta haya yatumike ndani ya miezi mitatu hadi sita, kwa sababu alizeti inachacha mapema kuliko shea. Yaweke mahali penye kivuli. Chumba cha bati mchana wa Novemba, au dashibodi ya gari, ni pa kuyamaliza upesi. Chota kwa kidole kikavu.

Hatua ya tano: kupaka

Hii ndiyo hatua inayorudisha fedha yako. Oga kwa maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, na usikae humo kuimba. Sabuni ipite kwapani, sehemu za siri kwa nje, na miguuni; mikono na mapaja yasiyo na uchafu hayahitaji povu kila siku. Dodoki usilisugue mpaka ngozi iwashe. Kama maji yako ni ya chumvi, jisuuze vizuri.

Usijikaushe kabisa. Gusagusa na taulo mpaka maji yasidondoke, ngozi ikiwa bado na unyevu, na ndani ya dakika kama tatu uwe umeshapaka. Losheni ya majimaji kwanza, au matone machache ya glisirini yaliyochanganywa na maji kiganjani. Glisirini tupu usiipake hewa ikiwa kavu hivi. Ikikosa maji hewani inayavuta kutoka ndani ya ngozi yako. Kisha chukua shea kiasi cha harage kwa mguu mmoja, isugue viganjani mpaka iyeyuke, na upake kwa kukandamiza na kushuka chini. Unyevu ule unabaki ndani. Ukipaka shea hiyohiyo saa mbili baada ya kuoga, ngozi ikiwa imeshakauka, utang'aa kwa muda na kupauka tena.

Kuna suala la vumbi, ambalo miongozo ya watu wa mbali hailijui. Ukijipaka mafuta mengi asubuhi ukapanda bodaboda kwenda Nkuhungu au Nzuguni, utafika ukiwa mwekundu. Kwa hiyo asubuhi paka nyembamba, na usiku paka ya kutosha, vaa soksi na nguo ya mikono mirefu ya zamani, lala. Mashuka yatashika mafuta kidogo. Mafuta ya mgando ya kawaida kwa kweli yanaziba maji kuliko shea, hilo lisemwe, na ni ya bei ndogo. Tatizo lake ni kwamba yanakaa juu, yananata na kuvuta vumbi. Shea inaingia na kulainisha. Asiye na fedha ya shea apake mafuta ya mgando usiku kwenye ngozi yenye unyevu, na atamshinda mwenye shea anayepaka kwenye ngozi kavu.

Kwa magaga ya kisigino, loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, sugua kwa jiwe taratibu, paka shea nene na uvae soksi za pamba. Fanya hivyo kila usiku, maana kisigino kilichopasuka kiangazi kizima hakifungi kwa siku mbili. Mwenye kisukari asikate wala kuchimba ngozi ngumu mwenyewe. Ampelekee mtaalamu wa kituo cha afya. Kwa midomo, chukua mchanganyiko huohuo wenye nta nyingi na uuweke kwenye kikopo cha mfukoni. Kwa uso, mwenye chunusi aende polepole, aanze na sehemu ndogo. Wengine shea inawafaa usoni na wengine inawaletea vipele, na hakuna wa kukuambia mapema uko kundi gani.

Kabla ya kumpaka mtoto mwili mzima, jaribu kidogo kwenye kiwiko kwa ndani na usubiri siku moja au mbili. Shea inatokana na mbegu ya mti, na ingawa mzio wake ni nadra, ni vizuri kujua mapema. Kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe mafuta yoyote, hata bibi akisisitiza. Mweleze kwa heshima, na umpe kazi ya kumkanda mtoto miguu.

Yasiyo kazi yake

Shea haifuti michirizi wala makovu. Inailainisha ngozi inayoyazunguka, na hapo ndipo inapoishia. Haiui fangasi, kwa hiyo mashilingi na mapunye yanahitaji dawa. Ukiyapaka mafuta tu, siku zinakwenda na yenyewe yanaendelea kuenea. Upele unaowasha nyumba nzima usiku, kila mtu akijikuna, unatakiwa utibiwe kwa watu wote wa nyumba kwa pamoja. Pumu ya ngozi inapata nafuu ya ukavu kutoka kwa shea, lakini ikivimba, ikitoa maji au ikipasuka damu, nenda hospitali.

Na si kinga ya jua. Kuna viambato ndani yake vinavyozuia kidogo sana miale, kiasi kisichotosha mtu kusimama shambani Kongwa saa sita mchana. Mwenye ualbino asidanganywe hata kidogo na kopo la shea linalosema lina kinga ya asili. Anahitaji krimu ya jua ya kweli, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, pamoja na kofia pana na nguo ndefu. Shea aipake usiku kwa ajili ya ukavu.

Ukitaka kuuza

Majirani wakishaona miguu yako mwezi wa nane wataagiza, na hapo mambo yanabadilika. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango, si mamlaka ya dawa kama zamani, kwa hiyo usajili na nembo ya ubora ni huko. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa mafunzo na kwa kujua wanachotaka wakaguzi kuhusu chumba cha kutengenezea. Weka daftari: kila mara unapochanganya, andika tarehe, uzito wa kila kitu na ulikonunua shea, na upe kundi hilo namba. Siku mteja akilalamika kwamba kopo lina harufu, utajua ni makopo gani mengine ya kuyarudisha.

Kwenye lebo andika viambato vyote kwa mpangilio uleule wa kilicho kingi kutangulia, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Andika kwamba inalainisha ngozi kavu. Usiandike inatibu ukurutu, wala inaondoa fangasi. Ukishaandika inatibu, bidhaa yako inahesabiwa kuwa dawa, na dawa ziko chini ya TMDA, yaani ile mamlaka ya dawa, wenye masharti ambayo chumba cha nyuma ya nyumba hakiwezi kuyatimiza.